Duara Tupu Pembezoni mwa Sarafu

Mtu akichukua kisahani cha kioo chenye agari, yaani ule mgando mwangavu upatikanao katika mwani, akapaka juu yake bakteria wa koli sawasawa, kisha akaweka katikati sarafu ya fedha iliyosuguliwa na kuchemshwa, na kukiacha kisahani usiku kucha katika joto la nyuzi 37, asubuhi atakikuta kimetandwa na utando wa rangi ya maziwa kila mahali, isipokuwa pembezoni mwa sarafu, ambapo pamebaki duara tupu lisilo hata doa moja la uhai. Sarafu haionekani kuwa imepungua, wala mizani ya sonara haitambui tofauti. Walakini chembe chache mno zilizobanduka humo na kupenya katika mgando zimetosha kuizuia halaiki nzima ya viumbe isizaliwe.

Carl von Nägeli, mwanazuoni wa mimea wa Uswisi, aliuona mwani wa maji baridi ukifa katika maji yaliyoguswa na shaba, ilhali kiasi cha shaba kilichomo kilikuwa haba kupita kadiri. Naye alifariki mwaka 1891, na maandishi yake juu ya nguvu hiyo ya kitu kidogo yakachapishwa miaka miwili baadaye. Matabibu hawakungoja sababu ijulikane, maana tangu mwaka 1880 Carl Credé, tabibu wa uzazi wa mji wa Leipzig, alikuwa akiwatia watoto wachanga tone la maji ya chumvi ya fedha machoni, ili kuwakinga na usaha wa kisonono waliouokota katika kuzaliwa, na kwa tone hilo watoto wengi wasio idadi waliokolewa na upofu.

Sababu yenyewe imo ndani ya protini. Vimeng'enya, ambavyo ndivyo vitendavyo kazi nyingi za chembe hai, aghalabu huwa na salfa katika maungo yao, na fedha na zebaki huipenda salfa kwa mapenzi yasiyoachana: zikiishika, kimeng'enya hupotoka umbo, na kilichopotoka umbo hakifanyi kazi tena. Shaba ina hila nyingine, kwani huingia mahali pa chuma na kukifukuza katika vile vifundo vya chuma na salfa ambavyo bakteria hawezi kujijengea chakula chake pasipo hivyo. Na kadimi hujipenyeza katika nafasi ya zinki. Ajabu ni kwamba shaba na zinki ni riziki pia, na bakteria wengi huzihitaji kwa kiasi kidogo ili waishi, hata mlango uingizao riziki ndio huo huo uingizao mauti.

Zingatia sasa chupa ya mchuzi wa maabara wanamokuzwa bakteria. Pasipo metali yenye sumu, koli hujigawa kuwa wawili kila dakika 20 hivi, na mchuzi huvurugika rangi katika muda wa saa chache. Ukitiwa kadimi kidogo hukaa mwangavu kwa muda mrefu, na mtazamaji mwenye haraka angeandika daftarini kwamba wote wamekufa. Akisubiri, huenda akauona mchuzi ukianza tena kuwa na ukungu, kwa kuwa katika kimya kile waliosalia walikuwa wakijirekebisha, wakitengeneza protini za kuifumbata sumu na pampu za kuitapika nje.

Walio hodari kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wale wanaoishi na zebaki. Wana kimeng'enya kinachoipokea zebaki yenye sumu, kikaigeuza kuwa ile zebaki tupu iliyo nyepesi kugeuka mvuke, nayo ikawatoka na kupaa hewani. Maarifa hayo mara nyingi yamo katika vipande vya urithi ambavyo bakteria mmoja huweza kumnakilia jirani yake, hata asiye wa jamii yake. Na katika vipande hivyo hivyo wataalamu wamekuta, bega kwa bega na kinga ya zebaki, kinga dhidi ya dawa tunazowanywesha wagonjwa wetu. Kwa hiyo mahali palipomwagwa zebaki, bakteria asiyesikia dawa huweza kustawi ilhali hakuna mtu aliyemeza hata kidonge kimoja.

Habari hii haiko mbali nasi. Katika mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, mchanga uliosagwa huoshwa kwa zebaki ndani ya karai, tonge la zebaki na dhahabu hukamuliwa kwa kitambaa mpaka likakauka, na marudio, yaani mchanga uliobaki, hutupwa kando, ambako mvua huyakuta na kuyasomba. Kisha mchimbaji hulichoma lile tonge juu ya makaa, akikaribia ili aone dhahabu inavyojitokeza ya manjano, na zebaki ikageuka mvuke na kupaa, kama vile bakteria aliyemo topeni chini ya miguu yake anavyoitoa mwilini mwake. Ila bakteria hana mapafu, na mchimbaji ameinama juu ya moto, anauvuta mvuke huo.