Hatari ya Eropleni Ndogo Inapotua Lanet

Wakazi wa Lanet, upande wa mashariki wa mji wa Nakuru, wamezoea kuona eropleni ndogo zikishuka katika kiwanja kilicho kwenye kambi ya jeshi. Watazamaji wengi hudhani ya kuwa jambo la kuogopwa ni mtambo kuzimika angani. Lakini eropleni nyingi ndogo huvunjika mtambo ungali mzima, zikiwa futi chache juu ya ardhi au zimekwisha kuigusa, kwa sababu rubani ameshindwa kukiongoza chombo.

Si kila ajali ya kutua ni ya namna hii. Tarehe 10 Aprili, 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya iligonga kilima huko Marsabit ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, mmoja wao akiwa Mirugi Kariuki, Mbunge wa Nakuru Mjini. Huko tatizo lilikuwa kilima kisichoonekana. Ajali inayoelezwa hapa hutokea hata mchana kweupe, watu wakitazama.

Bawa hubeba eropleni kwa sababu hewa hulipita kwa kasi. Rubani akipunguza mwendo mno huku akizidi kuinua pua, hewa ya juu ya bawa hubanduka, na bawa huacha kubeba. Mara nyingi bawa moja hutangulia, na eropleni huinama ubavu ghafula. Ikiwa juu sana, rubani hushusha pua akapata mwendo tena. Ikiwa karibu na ardhi, hana nafasi ya kufanya hivyo.

Hapo ndipo Lanet inapomtega rubani aliyezoea pwani. Kiwanja kiko zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kipimo cha mwendo ndani ya eropleni hakipimi jinsi ardhi inavyopita. Hupima nguvu ya hewa inayokigonga. Kikionyesha maili 60 kwa saa Mombasa, na upepo umetulia, eropleni huipita ardhi kwa maili 60 na kidogo. Lanet, joto likiwa digrii 25, kipimo hicho hicho kina maana ya karibu maili 69. Rubani huona nyasi zikikimbia chini yake, akadhani anakwenda mbio kupita kiasi, akapunguza mwendo. Macho yamemdanganya, na bawa halina habari ya macho. Naye anayefuata kipimo, kama ipasavyo, lazima awe na kiwanja kirefu zaidi, kwani mwendo wa ardhini ukizidi kwa sehemu moja ya saba, umbali wa kusimama huzidi kwa karibu theluthi.

Tena kuna upepo. Husemwa kwamba jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyeona visulisuli vya mchana wakati wa kiangazi hatabisha. Upepo wa ubavuni husukuma mkia. Eropleni za zamani, zenye gurudumu dogo mkiani, huathirika zaidi: uzito wake mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa, kama mkokoteni unaosukumwa badala ya kuvutwa. Pua ikipotoka kidogo tu, mkia hutaka kutangulia, na chombo huzunguka hata bawa likakwaruza ardhi. Kwa hiyo miguu ya rubani huendelea kufanya kazi kwenye usukani wa mkia mpaka eropleni isimame kabisa.

Dawa iliyo kubwa ni kuacha kutua mapema, kabla mambo hayajaharibika. Mtu aliye Lanet akiona eropleni imekaribia kugusa ardhi, kisha ikanguruma na kupanda tena, asidhani rubani wake ni mwoga au hajui kazi. Anazunguka ili aje upya.