Maabara Ilivyoitambua Homa ya Lamu

Hapa kwetu mtu akishikwa na homa, wengi husema papo hapo, "Malaria hiyo!" Lakini mwaka wa 2004, kati ya Mei na Julai, kisiwa cha Lamu kilikumbwa na homa nyingine kabisa. Ilikuwa chikungunya. Jina hili ni la Kimakonde, nalo lamaanisha kujikunja, kwa sababu maumivu ya viungo humpinda mgonjwa.

Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimejiuliza: ikiwa dalili zafanana na za malaria, na kirusi hakionekani kwa macho, maabara ilijuaje?

Siri ni kutazama nini kimeshikana na nini. Kirusi kikiingia mwilini, mwili huunda kingamwili. Hizi hushika protini za kirusi hicho, si za kingine chochote kisichofanana nacho.

Njia moja ya kupima huitwa Elisa. Mtaalamu hutumia sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kwanza, hugandisha protini za kirusi ndani ya vishimo. Pili, hutia maji ya damu ya mtu anayepimwa. Kingamwili zikiwamo, zitazishika protini zile. Tatu, huosha, kisichoshika huenda na maji. Nne, hutia kingamwili za pili, zilizofungwa kimeng'enya, ambazo hushika zile za binadamu. Huosha tena. Mwisho hutia dawa inayogeuka rangi ikikutana na kimeng'enya. Rangi ikitokea, mtu huyo aliwahi kuambukizwa. Asipoosha vizuri, je? Rangi itamdanganya!

Oktoba 2004 watafiti walipima damu za watu wa Lamu. Asilimia 75 walikuwa na kingamwili za chikungunya. Ilikadiriwa kuwa watu 13,500 hivi waliambukizwa.

Pengine mtu atasema, "Homa ni homa, jina la nini?" La hasha! Dawa ya malaria haitibu chikungunya. Isitoshe, mbu wa malaria huuma usiku, na huyu wa chikungunya, Aedes, huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Naye huzaana katika maji tunayoweka majumbani, na mwaka ule kulikuwa na ukame, watu wakihifadhi maji.

Basi wenzangu, tukiambiwa tukapimwe damu, twendeni. Na tukirudi nyumbani, tufunike mitungi na mapipa.