Mukuba inalainika ku moto

Wengi munaniuliza juu ya nini mwenye lisansi ya kilimo anapiga nyundo kila siku ya posho. Natafuta kazi tangu miaka mbili, na kukaa peke yangu nyumbani kulinichosha. Njo maana.

Ku atelye yetu, hapa Kikula, tuko watu saba. Tunalaza tole ya mukuba juu ya mufuko wa mchanga, tunapiga nyuma polepole. Mbele sura inainuka. Lakini mukuba ikipigwa sana inakuwa ngumu, mwisho inapasuka. Basi unaitia ku makala mpaka iwe nyekundu, unaichovya mu maji, inalainika tena. (Chuma ya shoka iko kinyume: maji inaikomaza.)

Ndege yangu ya kwanza ilipasuka shingo, kwa sababu niliona haya kuomba nafasi ku moto. Mama mmoja, muuzaji wa mboga, alicheka: “Mwanangu, moto iko ya wote.” Moto ni moja tu, tunangojeana, na pale njo tunaongea: kazi, ndoa, mtoto mugonjwa.

Juma iliyopita ndege ya pili ilitoka na shingo nzima. Siiuzishe. Nimeitundika karibu na diploma.