Deni la wanafunzi

Deni la wanafunzi ni fedha ambazo mtu anadaiwa kwa sababu alikopa ili kugharimia masomo yake, hasa katika elimu ya juu. Kwa kawaida mkopo huo hulipia ada, malazi, chakula, vitabu na mafunzo kwa vitendo, na hurejeshwa baada ya masomo kutokana na mshahara. Deni hilo hutofautiana na mikopo mingi ya benki kwa sababu dhamana yake si nyumba wala shamba, bali ni kipato ambacho mkopaji bado hajaanza kukipata.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama mshahara wa taaluma fulani unatosha kufidia gharama ya kuisomea. Ukubwa wa deni peke yake hautoi jibu. Deni kubwa linaweza kuwa jepesi kwa mtu mmoja, na deni dogo likamlemea mwingine, kutegemea mshahara unaanza lini, ni wa kiasi gani, na sheria inakata sehemu gani ya mshahara huo.

Asili ya dhana

Wazo la kulinganisha elimu na mtaji ni la zamani. Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith wa Uskoti alimlinganisha mtu aliyesomeshwa kwa gharama kubwa na mashine ya bei ghali: wote wawili wanatarajiwa kurudisha fedha zilizotumika na kuleta faida. Katika miaka ya 1960 Wamarekani Theodore Schultz na Gary Becker waliendeleza wazo hilo kwa jina la rasilimali watu. Schultz alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979, na Becker mwaka 1992.

Mwaka 1973 Michael Spence alitoa maelezo mengine. Kwake, shahada inaweza kumwongezea mtu mshahara hata kama haikumwongezea ujuzi, kwa kuwa mwajiri huitumia kama ishara ya uwezo wa mwombaji. Maelezo hayo yana uzito kwa mwenye deni: shahada ikienea kwa watu wengi, ishara hupungua nguvu, lakini deni halipungui.

Mambo yanayopimwa

Ili kulinganisha mshahara na gharama ya elimu, mambo yafuatayo huzingatiwa:

- Gharama za moja kwa moja: ada, vitabu, malazi na usafiri.
- Kipato kilichoachwa: mshahara ambao mwanafunzi angeupata kama angefanya kazi badala ya kusoma. Kwa masomo marefu gharama hii inaweza kuizidi ada.
- Riba na tozo: nyongeza juu ya mkopo, ambazo mara nyingine huanza kuhesabiwa mwanafunzi akiwa bado darasani.
- Nyongeza ya mshahara: tofauti kati ya kipato cha mwenye shahada na cha asiye nayo, si mshahara wote.
- Hatari: uwezekano wa kutomaliza masomo, kukosa ajira au kuajiriwa nje ya taaluma.

Utafiti uliofanyika katika nchi nyingi unaonyesha kwamba, kwa wastani, kila mwaka wa ziada wa masomo huambatana na ongezeko la kipato la takriban asilimia 9. Hata hivyo wastani huo huficha tofauti kubwa kati ya fani na fani, na kati ya waliomaliza na walioishia njiani.

Mfano wa hesabu

Tuchukue deni la dola 200,000 lenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, linalolipwa kwa marejesho sawa ya kila mwezi kwa miaka 10. Kila mwezi mkopaji atalipa takriban dola 2,220, na hadi mwisho atakuwa amelipa takriban dola 266,000.

Kwa daktari bingwa anayelipwa dola 240,000 kwa mwaka, marejesho hayo ni takriban asilimia 11 ya mshahara kabla ya kodi. Kwa mwalimu anayelipwa dola 50,000, marejesho yaleyale huchukua zaidi ya nusu ya mshahara. Iwapo daktari huyo hatalipa chochote katika miaka minne ya kwanza ya mafunzo, riba peke yake itafikia dola 48,000.

Njia za kurejesha

Kuna njia kuu mbili. Katika ya kwanza, mkopaji hulipa kiasi kilekile kila mwezi, awe na kipato kikubwa au kidogo. Katika ya pili, marejesho hufuata kipato: mwenye mshahara mdogo hulipa kidogo au halipi kabisa.

Australia ilianzisha njia ya pili kitaifa mwaka 1989, kwa mpango uliobuniwa kwa mchango mkubwa wa mwanauchumi Bruce Chapman. Marejesho hukusanywa kupitia mamlaka ya kodi, na huanza mtu anapovuka kiwango fulani cha kipato.

Huko Uingereza ada ya pauni 1,000 kwa mwaka ilianza mwaka 1998. Katika Uingereza yenyewe, bila Uskoti, Welisi na Eire ya Kaskazini, kiwango cha juu kilipanda hadi pauni 9,000 mwaka 2012. Walioanza shahada ya kwanza huko tangu Agosti 2023 hulipa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Kwa kanuni hiyo, anayepata pauni 31,000 hulipa pauni 540 tu kwa mwaka, hata kama deni lake lote ni kubwa mno. Deni linalobaki baada ya miaka 40 hufutwa. Kwa hiyo wengi huliona kama kodi ya ziada kuliko deni la kawaida.

Marekani

Marekani ndiyo nchi yenye jumla kubwa ya deni la wanafunzi: zaidi ya dola trilioni 1.6, likidaiwa watu zaidi ya milioni 40. Mikopo ya serikali kuu ilianza kwa sheria ya mwaka 1958, na ikapanuliwa kwa sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965. Ni vigumu kuufuta mkopo huo mahakamani hata mtu anapotangaza kufilisika.

Mfano wa madaktari hutajwa sana. Baada ya sekondari, daktari husoma miaka minne ya shahada ya kwanza, minne ya udaktari, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu hadi saba kwa malipo madogo kuliko ya daktari kamili. Miongoni mwa wahitimu wa udaktari waliokopa, deni la takriban dola 200,000 ni la kawaida. Wengi hulimaliza, kwa kuwa mishahara ya madaktari nchini humo ni mikubwa. Lakini mzigo huo hutajwa pia miongoni mwa sababu zinazowavuta baadhi yao kwenye ubingwa unaolipa zaidi, badala ya udaktari wa familia au kazi vijijini.

Mfano wa wanasheria ni tofauti. Mishahara yao ya mwanzo imegawanyika katika makundi mawili. Kampuni kubwa za miji mikubwa ziliwalipa wanasheria wapya dola 225,000 kwa mwaka kufikia mwishoni mwa 2023, huku wengi wengine, wakiwemo wa ofisi za umma na kampuni ndogo, wakipata chini ya nusu ya kiasi hicho. Wastani wa makundi hayo ni mshahara ambao ni wachache wanaoupata kwa kweli. Mwanafunzi anayekopa kwa kutazama wastani anaweza kujikuta katika kundi la chini akiwa na deni la kundi la juu.

Walio katika hali ngumu zaidi mara nyingi si wenye madeni makubwa, bali waliokopa kidogo na kuacha masomo. Wana deni bila shahada ya kuwaongezea mshahara.

Mwaka 2007 Marekani ilipitisha sheria inayofuta deni linalobaki la mtumishi wa umma baada ya marejesho 120 ya kila mwezi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha mpango wa Rais Joe Biden wa kufuta madeni ya takriban dola bilioni 400. Sheria ya mwaka 2025 iliweka ukomo wa mikopo mipya ya serikali kwa fani kama udaktari na sheria kuwa dola 200,000 kwa jumla.

Tanzania

Baada ya uhuru, serikali ndiyo iliyowalipia wanafunzi wa chuo kikuu. Suala la wasomi kulipa fadhila kwa taifa lilijitokeza Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa. Utaratibu huo uliwataka wahitimu kukaa kambini miezi mitano, kisha kufanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Rais Julius Nyerere aliwafukuza chuoni wanafunzi zaidi ya 300, na wakati huohuo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye lilitolewa Azimio la Arusha.

Sera ya kuchangia gharama za elimu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Zanzibar ina bodi yake.

Mwajiri hutakiwa kukata marejesho na kuyawasilisha kwa Bodi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Wanufaika wengi walilalamika kwamba walisaini mikataba yenye kiwango cha chini.

Athari yake huonekana kwa hesabu. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 hukatwa 150,000 za mkopo badala ya 80,000. Deni la shilingi 12,000,000 lisilo na nyongeza humalizika kwa miezi 80 badala ya 150, lakini mshahara unaofika mkononi hupungua kwa shilingi 70,000 kila mwezi, juu ya makato ya kodi, pensheni na bima ya afya.

Mkopo huo ulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Katika mfano huu, tozo ya mwaka wa kwanza ni shilingi 720,000, yaani 60,000 kwa mwezi. Aliyekatwa 80,000 alipunguza deni lake kwa 20,000 tu. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo Mei Mosi 2021.

Makato kwa asilimia humlinda mwenye mshahara mdogo kwa kiasi fulani, lakini hayana kiwango cha chini cha kipato kama kile cha Uingereza. Aidha, mhitimu anayesubiri ajira kwa miaka hubaki na deni ingawa hana mshahara wa kukatwa.

Kenya

Kenya ina bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, kiwango kilicho chini ya riba ya benki. Anayechelewa kulipa hutozwa faini, na katika ajira za umma hudaiwa cheti cha bodi kinachothibitisha hali ya deni. Mwaka 2023 ulianzishwa mfumo mpya unaogawa karo kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa kaya.

Mijadala

Wanaotetea mikopo husema kwamba mhitimu hupata faida binafsi, hivyo si haki mkulima asiyefika chuo kikuu amlipie yote kupitia kodi. Wanaoipinga hujibu kwamba jamii nzima hufaidika na mwalimu na muuguzi, ambao mishahara yao haifanani na thamani ya kazi yao. Upande wa tatu hukubali mikopo, lakini hutaka marejesho yafuate kipato na deni liwe na mwisho.

Tazama pia

- Elimu ya juu
- Mkopo
- Mshahara
- Riba