Fahamu: Hulka ya inchaji na usalama wa mgonjwa wodini

Mjamzito wa Kendwa, Unguja, aliyepatwa na kifafa cha mimba anaweza kuanzia hospitali ya Kivunge na kuishia ya Mnazi Mmoja, mjini. Kote huko dawa yake ni magnesiamu salfeti. Inaokoa, lakini ikizidi inazima pumzi. Ndiyo maana kabla ya kila dozi inayofuata muuguzi hugonga goti aone kama linaruka, huhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na hupima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa.

Saa tisa usiku, wodi imejaa, nani atajua kama goti halikugongwa? Hapo hulka ya inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, ndiyo inayoamua. Akiwa mtu wa kufoka, sista mgeni aliyekosea dozi atanyamaza, na faili litasomeka safi. Anayeanza na “mgonjwa yukoje?” kabla ya “nani kafanya?” hupata habari mapema, dawa ya kuzimua ikiwa bado inafaa.

Kwenye upasuaji nako ni hivyo hivyo. Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji minane duniani iliyojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi tu? Sidhani. Orodha ile ile yaweza kutiwa vema zote mgonjwa akiwa ameshatolewa chumba cha upasuaji, na inchaji akiliona hilo akapita kimya, zamu ya kesho nayo itafanya vivyo hivyo.