Gramu Moja Ndani ya Tani 100 za Chai

Mwaka 2015 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku glaifoseti, dawa ya magugu ambayo wakulima wengi wa kwetu wanaijua kwa jina la Roundup. Rais Maithripala Sirisena alikuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani. Kilio kilitoka kwa wakulima wa mpunga wa Anuradhapura na Polonnaruwa, ambako ugonjwa wa figo usiojulikana chanzo ulikuwa ukimaliza watu wenye nguvu zao. Baadhi ya watafiti wakainyooshea kidole glaifoseti. Ushahidi haukuwa umekamilika, na mjadala wa chanzo haujafungwa hata sasa, lakini mbele ya misiba siasa haingoji maabara.

Marufuku hiyo ilipanda mpaka milimani, kwenye mashamba ya chai yaliyo mbali na ukanda wa ugonjwa. Huko vibarua wa kupalilia kwa mkono walikuwa adimu na ghali, na magugu hayana subira. Wenye mashamba wakageukia walichokipata, ikiwemo MCPA, dawa ya zamani iliyoingia sokoni miaka ya 1940. Ilipofika 2018 wanunuzi wa Japani wakaja juu: chai ina mabaki ya MCPA kupita kiwango. Kiwango chenyewe ni miligramu 0.01 kwa kilo ya majani makavu, sawa na gramu moja ndani ya tani 100. Julai mwaka huo serikali ikalegeza kamba. Glaifoseti ikaruhusiwa tena, kwa chai na mpira peke yake.

Msomaji anaweza kudhani Wajapani walichunguza MCPA wakagundua kwamba ikizidi hapo inadhuru. Sivyo. Tangu Mei 2006, sheria yao inasema dawa yoyote isiyowekewa kiwango chake kwa zao fulani itapewa 0.01. Umoja wa Ulaya nao hufanya vivyo hivyo, chini ya kanuni ya 2005 iliyoanza kutumika kikamilifu 2008. Namba hiyo iko karibu na mwisho wa uwezo wa kawaida wa maabara kupima kwa uhakika. Ni adhabu ya zao ambalo hakuna aliyepeleka takwimu zake mezani.

Kiwango kinachofanyiwa kazi hupatikana hivi. Watafiti hupulizia dawa shambani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, husubiri siku zilizotajwa, huvuna, kisha hupeleka sampuli maabara. Hurudia katika mashamba kadhaa. Kiwango cha juu huwekwa kidogo juu ya mabaki yaliyoonekana. Ndipo huja swali la afya: mtu akila chakula hiki kila siku maisha yake yote, atavuka dozi iliyo salama? Dozi hiyo hutoka kwenye majaribio ya wanyama, na kwa kawaida hugawanywa kwa 100 kwa ajili ya tahadhari. Kimataifa kazi hii hufanywa na wataalamu wa FAO na WHO, na viwango hupitishwa na tume ya Codex, iliyoundwa 1963.

Piga hesabu uone. Ulaya imekuwa ikiruhusu miligramu 2 za glaifoseti kwa kilo ya chai kavu. Wataalamu wa FAO na WHO, mwaka 2016, walibaki na dozi ya hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 angehitaji kilo 30 za majani ya chai, kila siku, ndipo afike hapo. Kwa hiyo kipimo kikivuka, kosa la kwanza linaloonekana ni la shambani: dawa isiyoruhusiwa, au kipimo kilichozidi, au mavuno yaliyoharakishwa.

Ila wenye mashaka nao wana hoja. Mwaka 2013 Marekani ilipandisha kiwango cha glaifoseti kwenye viazi vitamu kutoka miligramu 0.2 kwa kilo hadi 3, na kwenye karoti kutoka 0.2 hadi 5. Miili ya walaji haikubadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni matumizi ya dawa yaliyoombewa ruhusa. Na tusisahau kwamba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, huku mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikisema, mwaka huohuo, kwamba hilo halielekei kuwa kweli. Hatua niliyoiona ya busara ni ya 2023. Ulaya iliongeza kibali cha dawa hiyo kwa miaka 10 lakini ikakataza kuipulizia kwenye zao ili likauke kabla ya kuvunwa. Upuliziaji huo wa mwisho ndio unaojaza mabaki kwenye nafaka. Umezuiwa mlangoni, wala haukuhitaji mashine ya maabara.

Kwetu, chai inayopita mnada wa Mombasa inalindwa na mnunuzi, maana akikuta mabaki anarudisha shehena. Mwaka 2013 Kenya ilionja adha hiyo kwenye maharage machanga na njegere, kwa sababu ya dawa ya wadudu, Ulaya ilipoamuru shehena nyingi zaidi zipimwe. Mchicha wa Kariakoo hauna mnunuzi wa namna hiyo. Wala kampuni ya dawa haina faida ya kugharimia majaribio ya mnavu, ulezi au kisamvu.

Kazi hiyo ni ya umma. Mamlaka ya Arusha inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu, pamoja na bodi ya viuatilifu ya Nairobi, zianze na mazao yanayoliwa kila siku nyumbani. Zipime kwenye masoko yetu, zitangaze matokeo kwa jina la zao na soko lilikotoka, na zihakikishe kila chupa ya dawa ya magugu ina maandishi makubwa ya Kiswahili yanayomwambia mkulima angoje siku ngapi kabla ya kuvuna.