PUMZIKO LA MWILI KWA MOYO ULIOJERUHIWA

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii twaiona ikitimia kila siku huko Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Mlango ukibamizwa na upepo, mama huangusha sufuria na kuwakusanya watoto wake akimbie nao. Mwanafunzi aliyekuwa mwerevu hukaa darasani kama kipofu mbele ya ubao. Baba hukesha akisikiliza nyayo za wapita njia. Majirani husema, "Huyu amerogwa," au, "Huyu ni mvivu." Hasha! Moyo wake una jeraha.

Sababu za majeraha hayo zajulikana. Mwaka 1993 mapigano yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea hadi Masisi. Tangu 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vya jirani, wakanajisi watu zaidi ya 300. Mmoja wa viongozi wao, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Goma mwezi wa Novemba 2020. Kisha, Januari 2025, waasi wa M23 waliutwaa mji wa Masisi. Machi wakaingia Walikale, wakaondoka Aprili. Watu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena.

Je, mtu wa namna hii asaidiweje? Njia mojawapo ni pumziko la kuongozwa. Huko India laitwa yoga nidra, yaani usingizi wa yoga, ingawa mwenye kupumzika halali. Huko Marekani, daktari Edmund Jacobson alitoa kitabu mwaka 1929 akifundisha kulegeza misuli ya mwili, fungu moja baada ya jingine. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kwa wasaidizi wasio madaktari, limeweka zoezi la kupumua polepole.

Tueleze kazi yake. Hatari itokeapo, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukazana. Hatari ikipita, yafaa mwili utulie. Lakini mwili uliotishwa mara nyingi huendelea kulinda zamu, hata adui akiwa hayupo. Kumwambia mtu huyo, "Usiogope," hakumfai sana, maana mwili hausikii amri. Pumzi ya kutoa iliyo ndefu na ya polepole, hiyo yausikilizisha.

Zoezi lenyewe halihitaji mali. Watu wachache huketi mahali penye usalama, pamoja na kiongozi wanayemwamini. Yeye husema kwa sauti ya upole: "Sikieni nyayo zenu zinavyogusa ardhi. Vuteni pumzi taratibu. Itoeni taratibu zaidi." Ndipo huwapeleka kiungo kwa kiungo: miguu, magoti, tumbo, mabega, mikono, taya, uso. Mwishoni huwarudisha: watazame vitu vilivyowazunguka, wavitaje, wanyoshe mikono. Dakika 10 au 15 zatosha kwa kuanza.

Hapa yatupasa kuonya. Aliyenajisiwa akiambiwa alale chali na kufumba macho, huenda kumbukumbu za siku ile zikamrukia kwa nguvu. Kwa hiyo asilazimishwe kamwe. Na aketi, macho yawe wazi, awe karibu na mlango, aache apendapo. Kiongozi asimguse, wala asimchokoze asimulie yaliyompata. Anayetaka kujiua, au asiyejua tena alipo, apelekwe haraka kwa waganga.

Tena tusidhani kwamba pumziko pekee latosha. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza habari za wanawake 405 walionajisiwa, wa vijiji 15 vya mashariki ya Kongo. Wengine walipewa msaada wa kawaida, mmoja mmoja, wengine walikutana kwa vikundi, wakafundishwa kuyapima mawazo yanayowatesa, kama lile lisemalo, "Kosa ni langu." Miezi sita baada ya mafunzo, waliokuwa bado na dalili za huzuni kuu au hofu kuu walikuwa 42 kwa mia katika kundi la kwanza, lakini 9 tu kwa mia katika kundi la pili. Na waliowaongoza walikuwa wasaidizi wa huko huko, si madaktari wa mbali. Basi pumziko hutuliza mwili ili mtu aweze kusema na kusikilizwa; halishiki nafasi ya kusikilizwa, wala ya haki.

Wakristu wengine watauliza: je, zoezi hili ni sala? Barua iliyotoka Roma tarehe 15 Oktoba 1989 juu ya tafakari ya Kikristu yakubali kwamba utulivu wa mwili waweza kumsaidia asaliye, lakini yaonya tusiudhanie kuwa ndio faraja ya Roho Mtakatifu. Dawa ya malaria si sakramenti, nasi twainywa kwa shukrani.

Jioni ya leo, basi, jirani akishtuka kwa mlio wa bati, tusimcheke. Tuketi karibu naye, tupumue polepole, tumngoje. Akitaka kusema, tumsikilize hadi mwisho.